Hodi Isiyongoja Karibu: Uhakiki wa Lugha ya Kuomba Ruhusa katika Programu za Simu

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kujishughulisha na utenzi, riwaya na tamthilia. Hata hivyo, yapo maandishi mafupi mno, aghalabu sentensi moja tu, ambayo husomwa kila siku na watu wasiopata kushika riwaya mkononi. Haya ni maneno yanayotokea kwenye kioo cha simu programu inapoomba kutumia kamera, kusikiliza maikrofoni, kujua mahali alipo mtu, au kusoma orodha ya majina na nambari alizohifadhi.

Fani hii ina historia fupi. Kabla ya mwaka 2015, simu za Android zilitoa orodha nzima ya ruhusa wakati programu ilipokuwa ikitiwa simuni. Msomaji alikubali yote au aliiacha programu. Huo ulikuwa mkataba, na wachache waliusoma. Toleo la 6 la mfumo huo, lililotoka mwaka 2015, liliugeuza mkataba kuwa mazungumzo: kwa mambo ya siri ya mtu, programu ilipaswa kuomba wakati inapotumika, jambo moja moja, na mwenye simu akawa na haki ya kukataa na kuendelea. Kwa maneno mengine, programu ilifundishwa kupiga hodi. Kwa desturi ya Pwani, mgeni hubisha mara tatu, na asipokaribishwa hurudi alikotoka. Tangu toleo la 11 la mwaka 2020, Android ni kali zaidi: mtu akikataa ruhusa ile ile mara mbili, mfumo hauonyeshi tena swali hilo. Adabu iliyowashinda watunzi wa programu ikafanywa kuwa kanuni ya mtambo.

Maandishi haya yana watunzi wawili. Katika Android, swali lenyewe limeandikwa na wenye mfumo. Mtunzi wa programu hana uwezo wa kulibadili, ila anaweza kulitangulizia maelezo yake. Katika iPhone, sababu inayoonekana ndani ya swali huandikwa na mtunzi wa programu mwenyewe. Hapa ndipo udhaifu wa fani unapojitokeza. Sentensi kama "Programu inahitaji kamera ili ifanye kazi vizuri" haina maudhui yoyote. Ni sawa na mgeni anayesema ameingia ili awe ndani. Mtunzi anayemheshimu msomaji angeandika: "Kamera itapiga picha ya jani lenye ugonjwa. Picha haitatumwa mpaka uikubali." Tena angengoja mkulima aguse kitufe cha kupiga picha, badala ya kumkabili na maswali manne kabla hajaona programu ina nini.

Hata lugha ya wenye mfumo haikosi lawama. Katika tafsiri ya Kiswahili ya Android, orodha ya watu imepata kuitwa "anwani", na programu huomba "kufikia" anwani hizo. Kwa msomaji wa kawaida anwani ni sanduku la posta, au kichwa cha habari. Wala kufikia si kunakili. Hivyo mama mkwe, mwajiri na jirani wamefichwa nyuma ya neno lisilo na sura ya mtu, na kitendo cha kuwachukua kimefichwa nyuma ya kitenzi kinachoashiria kufika tu. "Kusoma majina na nambari za watu uliowahifadhi" ni maneno mengi zaidi, lakini ni ya kweli.

Kwamba jambo hili si la sarufi peke yake, Kenya imelishuhudia. Baadhi ya programu za mikopo zilichukua orodha hizo, na mkopaji alipochelewa kulipa, jamaa zake na wakubwa wake wa kazi walipigiwa simu ili aaibike. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilikataza mwenendo huo, na mwaka 2023 Google ilizizuia programu za mikopo katika duka lake kusoma orodha za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kudai ridhaa iliyo ya hiari na yenye ufahamu. Neno ridhaa limechaguliwa vyema, kwani ruhusa yaweza kutolewa na mtu aliyebanwa, ilhali ridhaa hudai moyo ukubali. Lakini waliopigiwa simu hawakuulizwa lolote, wala fani hii, jinsi ilivyo, haina nafasi ya kuwauliza.

Limebaki swala la mtu anapokataa. Programu nyingi hapa hunyamaza, au hufunga mlango na kumwelekeza msomaji kwenye mipangilio ya simu akajirekebishe, kana kwamba kukataa ni kosa la tahajia. Programu ya hali ya hewa iliyonyimwa mahali alipo mtu yaweza kumwomba aandike jina la mji wake. Ni kisanduku kimoja tu cha kuandikia.