Kicheko Kinachomeza Maneno
Mchezo wa kuigiza ukionyeshwa Kampala, shabiki wake aliye Arua, karibu kilomita 500 kutoka huko, hutegemea jamaa aliyeingia ukumbini na simu. Rekodi ikifika, inahama kutoka kadi moja ya kumbukumbu hadi nyingine mpaka mji wa Koboko. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inampa mwigizaji haki ya kukataa kurekodiwa jukwaani, nami naiunga mkono, kwa maana tiketi ndiyo riziki yake. Hata hivyo rekodi hizi zinastahili kuchunguzwa, kwa sababu zinaonyesha hasa ni wapi mchezo unapoharibika.

Wengi hulalamikia picha. Simu hupima mwanga wa eneo lote, na giza likizunguka jukwaa, inaongeza mwanga mpaka nyuso zinakuwa nyeupe tupu. Dawa yake ni ndogo: gusa uso wa mwigizaji kwenye skrini na ufunge kipimo hapo.

Kinachoumia ni sauti. Simu hujirekebishia sauti yenyewe. Jirani akiangua kicheko nusu mita kutoka ilipo, inajishusha ghafla ili sauti isipasuke, kisha inapanda polepole. Wakati huo mwigizaji ameshasema sentensi inayofuata. Ndiyo maana palipochekesha zaidi ndipo maneno yanapopotea, na mtazamaji wa Koboko anacheka pamoja na ukumbi, kisha hajui hadithi imeelekea wapi. Kinubi cha adungu kikipigwa pamoja na ngoma hukutwa na hayo hayo: kila pigo la ngoma linazimisha nyuzi. Umbali nao unazidisha. Ukirudi nyuma mpaka umbali uwe mara mbili, sauti inayotoka jukwaani moja kwa moja hubaki na robo ya nguvu yake, lakini jirani yako bado yuko ubavuni.

Halafu kuna mkato. Kadi ya GB 32 kwa kawaida hutumia mfumo wa FAT32, usiopokea faili kubwa kuliko GB 4. Video ya HD kamili hujaza kiasi hicho kwa kama nusu saa. Simu nyingine hufungua faili jipya, nyingine husimama kabisa.

New York, maktaba ya umma imekuwa ikirekodi michezo ya jukwaani kwa idhini tangu 1970, lakini lazima uende kuitazama huko huko. Hata huko wapo mashabiki wanaorekodi kwa siri. Siwashangai, kwa maana kisichorekodiwa hupotea. Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Uganda, aliuawa na utawala wa Idi Amin mwaka 1977, muda mfupi baada ya kupeleka mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko kwenye tamasha la sanaa la FESTAC, Lagos. Daftari la mchezo linahifadhi maneno, lakini haliwezi kuhifadhi jinsi waigizaji wake walivyoyatamka.

Vikundi vya maigizo, hata vya Arua, vina uwezo wa kuwatangulia wanaorekodi kwa siri. Waya mmoja kutoka mikisa ya fundi wa sauti hadi kwenye kinasa kidogo, kipimo cha sauti kikiwekwa kwa mkono na si kwa kujirekebisha. Simu moja juu ya kiti cha nyuma kwa picha. Kofi moja kabla ya pazia kufunguliwa ili picha na sauti vioanishwe baadaye. Kadi iuzwe na kikundi chenyewe, mlangoni, watu wakitoka.