Makunyanzi na Sindano

Siku hizi wenye uwezo hubishana ni sindano ipi iliyo bora ya kuondoa makunyanzi usoni. Nami, mkuu mstaafu wa chuo cha ualimu mwenye makunyanzi yangu tele, naomba niusahihishe ubishi huo kama nilivyokuwa nikisahihisha insha.

Kwanza tutende haki. Sindano hizo si za aina moja. Botox hutokana na sumu ya bakteria, ile ile iwezayo kumuua mtu aliyekula chakula cha kopo kilichoharibika. Kwa kipimo kidogo sana hulegeza misuli, na mikunjo iliyo kati ya nyusi hutulia kwa miezi mitatu au minne. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2002. Restylane, iliyoidhinishwa huko mwaka 2003, haigusi misuli; hujaza mabonde ya ngozi, kama yale yashukayo kutoka puani hadi mdomoni, na hudumu miezi sita au zaidi. Kuuliza ipi bora, basi, ni kama kushindanisha jembe na ndoo. Hata hatari ni mbalimbali: ya kwanza yaweza kuangusha kope, ya pili, ikiingia katika mshipa wa damu, yaweza kupofusha.

Lakini wabishi wote wamekubaliana jambo moja bila kulihoji: kwamba kunyanzi ni kosa. Sisi wa Shinyanga na Geita twajua fikra hiyo hufika wapi. Hapa Usukumani, miaka ya 1980 na 1990, vikongwe wengi wenye makunyanzi na macho mekundu walidhaniwa wachawi, wakauawa kwa mapanga. Macho yale yaliivishwa na moshi wa kuni na samadi jikoni. Ngozi ile ilikunjwa na jua la mashamba ya pamba. Kosa lao lilikuwa kazi.

Simlaumu anayechomwa sindano. Uso ni wake na fedha ni zake, mradi anayemchoma awe daktari. Ila bibi yule hana sindano ya kumfaa. Wahenga walisema utu uzima dawa, nasi tukaugeuza kuwa ushahidi wa mashtaka. Moshi hupunguzwa kwa jiko lenye bomba. Hofu hupunguzwa darasani, mtoto anapofundishwa kwa nini macho ya bibi yake ni mekundu.