Muhammed Said Abdulla na Mzaha wa Bwana Msa
Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, aliifikia riwaya kwa njia ya magazeti, kama Mark Twain wa Marekani kabla yake. Alihariri Zanzibari, kisha Mkulima, na kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kikatoka mwaka 1960. Wako wamwitao mwigaji wa Conan Doyle. Kiko cha Bwana Msa, kwa hakika, chashuhudia hayo. Lakini mauaji ndiyo sehemu dhaifu ya kitabu. Utamu wake umo katika masemezano ya Bwana Msa na Najum: Kiunguja cha barazani, chenye kejeli ya upole, ambacho mwanafunzi wa Kifaru, Upareni, aliyelelewa katika Chasu, hatakipata katika sarufi yoyote. Katika Duniani Kuna Watu (1973) nasaba zimesokotana mno, hata kicheko kikapungua.