Pongezi kwa Mafundi wa Redio za Boti

Chumvi ya bahari haina huruma na shaba. Hupenya ndani ya waya ikaugeuza kijani, na redio iliyosikika vizuri asubuhi ikanyamaza jioni. Mafundi wa vifaa vya boti wa Mtwara na Mikindani wanaujua ugonjwa huu, na kwao natoa pongezi za dhati.

Ninachowapendea zaidi ni ushauri wao kabla ya mtu kununua. Mwenye boti akija na tamaa ya skrini kubwa ya rangi, fundi mzuri humuuliza kwanza: betri yako ina uwezo gani, na unakwenda wapi? Anayeelekea mdomo wa Ruvuma, ambako mto humwaga mchanga na mafungu huhama, anahitaji kipima kina kuliko mapambo. Anahitaji pia redio ya VHF isiyoingia maji: wito wa chaneli 16 husikiwa na kila chombo cha jirani kilichofungua redio yake kwenye chaneli hiyo, ilhali simu humfikia mtu mmoja, tena penye mtandao. Na antena ipande juu, ndipo sauti ifike mbali.

Kisha kuna kazi isiyoonekana: waya uliopakwa bati, fyuzi karibu na betri, viungo vilivyozibwa visipitishe unyevu. Yote hufanywa kwa kuinama ndani ya boti yenye joto kali.

Wenye boti, mlipeni fundi kwa wakati, na mpelekeeni redio aikague kabla kusi haijaanza kuvuma.