Majira ya Kitabu na Majira ya Shamba: Uhakiki wa Hadithi za Kusomewa Watoto wa Madarasa ya Chini Ukambani

UTANGULIZI

Wahakiki wa fasihi ya watoto katika Kiswahili wamezoea kuuliza hadithi inafundisha maadili gani. Swali la pili huulizwa kwa nadra: je, hadithi hiyo inasomwa wakati gani wa mwaka, na kitu kinachosimuliwa kinaonekana wapi siku hiyo? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo la pili kwa kutazama hadithi za majira wanazosomewa watoto wa gredi ya kwanza mpaka ya tatu, pamoja na vitendo vinavyotakiwa kuandamana nazo.

Mfano uliochaguliwa ni Malili, katika Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Jina la Malili lilivuma baada ya serikali kununua hapo shamba la ekari 5,000 mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza. Hata hivyo, chakula cha nyumba nyingi za Makueni na Kitui kingali kinategemea mvua. Mtoto wa huko huingia darasa la kwanza akiwa tayari amekwisha kuijua mvua kwa macho na kwa tumbo.

MAJINA YA MAJIRA

Majina ya majira yaliyomo katika Kiswahili sanifu yana asili ya pwani. Masika, kiangazi, kipupwe na vuli ni majira ya watu walioishi baina ya pepo mbili, kaskazi na kusi. Watu hao walikuwa na mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Makunduchi, Unguja, bado husherehekea Mwaka Kogwa kila Julai. Hesabu hiyo ilikuwa elimu ya vitendo: kwa hiyo nahodha alijua siku ya kung'oa nanga, na mkulima akajua siku ya kutia mbegu ardhini. Basi hapana upungufu wowote katika maneno yenyewe.

Matatizo huanza maneno hayo yanapopelekwa bara pamoja na vipimo vyake. Kwa kawaida masika hufasiliwa kuwa mvua kubwa, na vuli kuwa mvua ndogo. Ukambani nako kuna mvua mbili: ile ya Machi mpaka Mei, ambayo Wakamba huiita uua, na ile ya Oktoba mpaka Desemba, waiitayo nthwa. Katika sehemu kubwa ya Makueni na Kitui, nthwa ndiyo ya kutegemewa zaidi. Juu yake mkulima huweka tumaini la mahindi, kunde na ndengu. Uua ikija vizuri ni neema, ikikosa haishangazi sana.

Kwa hiyo mtoto wa Malili anaposomewa kwamba vuli ni mvua ndogo, anaambiwa kwamba mvua inayolisha nyumba yao ni ndogo. Hawezi kubisha. Kiswahili si lugha yake ya kwanza, na kitabu kina heshima ya mwalimu. Atalikariri jibu kwa ajili ya mtihani na kuuacha ukweli nyumbani, katika Kikamba. Jambo hili si dogo. Mtoto aliyezoea mapema kuwa maneno ya Kiswahili hayalazimiki kulingana na anayoyaona ataendelea kuitumia lugha hiyo kwa kukariri, hata atakapoitwa kuandika insha juu ya kijiji chake mwenyewe.

KALENDA YA SHULE

Kosa hilo la maneno linazidishwa na kalenda. Mwaka 2024 na mwaka 2025 muhula wa tatu ulimalizika mwishoni mwa Oktoba, na shule zikafunguliwa tena Januari. Yaani shule za Ukambani hufungwa katika siku zile zile ambazo nthwa hutazamiwa kuanza, na likizo ndefu ya mwaka humezwa na majira makuu ya kilimo. Likizo ya Aprili nayo huangukia katikati ya uua.

Matokeo yake ni kwamba hadithi ya mvua huweza kusomwa Juni, wakati wa baridi na mawingu yasiyonyesha, kwa sababu tu ukurasa wake umefikiwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, umeweka Shughuli za Mazingira kuwa somo la madarasa haya, na umesisitiza kutenda. Lakini somo la Kiswahili na somo la Mazingira yakifuata kila moja kitabu chake, hadithi ya mvua na kipimo cha mvua huweza kupishana kwa miezi.

KUSOMEA WATOTO

Yafaa hapa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Kuna kusoma kwa sauti kwa mwanafunzi, ambako mwalimu husikiliza ili apime ufasaha. Na kuna kusomea watoto, ambako mwalimu husoma na watoto husikiliza, huuliza na hubashiri. La kwanza ni zoezi la macho na ulimi. La pili ni tendo la kifasihi.

Maandishi ya mambo haya mawili hayawezi kuwa mamoja. Kifungu cha kumzoeza mtoto kusoma peke yake huandikwa kwa sentensi fupi na silabi teule. Kifungu hicho kikisomwa na mwalimu mbele ya watoto arobaini, hufa kinywani mwake. Hadithi ya sikio huhitaji takriri, kiitikio, mazungumzo na tanakali za sauti. Humhitaji pia mhusika anayetaka kitu na anayeweza kukikosa. Vifungu vingi vya majira havina mhusika wa namna hiyo. Mvua hunyesha, watu hufurahi, miti hupandwa, na mwisho huja wasia wa kutunza mazingira. Huo ni waraka uliovikwa nguo za hadithi.

Mifano bora haiko mbali. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alitoa kitabu chake cha Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, mwaka 1954, na mwaka 1966 akachapisha kwa Kiingereza mkusanyo wa hadithi za Wakamba, Akamba Stories. Taasisi ya Elimu ya Kenya nayo ilitayarisha mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha kadha za nchi, Kikamba kikiwa miongoni mwazo. Kinachokosekana ni daraja: hadithi za asili hiyo zilizoandikwa upya kwa Kiswahili cha sikio, na kupangwa kwa mwezi wake.

Kwingineko daraja hilo limejengwa. Kitabu cha Ezra Jack Keats, The Snowy Day, kilichopata medali ya Caldecott mwaka 1963, kinamfuata mtoto mmoja katika siku moja ya theluji. Mwalimu wa New York akikisoma asubuhi ya theluji, watoto wake waweza kutoka nje na kukanyaga nyayo zile zile. Kitabu hicho kikisomwa Malili kitabaki kuwa picha nzuri ya ugenini. Somo la kuiga hapo ni ule ukaribu wa ukurasa na uwanja. Theluji yenyewe haina kazi hapa.

VITENDO

Mbiti huyo huyo, katika African Religions and Philosophy (1969), alieleza kwamba jamii nyingi za Kiafrika zilitaja miezi kwa matukio yake badala ya kuihesabu kwa tarakimu. Hoja yake juu ya wakati ujao imepingwa na wengi, lakini maelezo haya ya kalenda ya matukio yanamfaa sana mwalimu wa gredi ya kwanza, kwa maana mtoto wa miaka sita naye huhesabu wakati kwa matukio.

Kalenda kama hiyo huweza kuanzia Oktoba. Mmea wa kufaa zaidi ni mbaazi. Aina zake za muda mrefu hupandwa mwanzo wa nthwa na kuvunwa mwaka unaofuata, kati ya Julai na Septemba. Watoto wakizipanda katika wiki ya mwisho ya muhula, baada ya kusomewa hadithi ya mtu anayeingojea mvua, hawatahitaji mtu wa kumwagilia, kwa sababu likizo hiyo ndiyo yenye mvua. Watahitaji ua wa miiba dhidi ya mbuzi. Januari watarudi na kukuta miche imekua. Wataipima kwa kamba na kuiandika. Maua na maganda watayaona katika muhula wa pili, na hadithi za baridi na za kungoja zitapata mahali pake. Mavuno yatakapopurwa, kupetwa na kuhesabiwa, mbegu nyingine zitawekwa akiba kwa ajili ya Oktoba.

Kadhalika, chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na kupachikwa rula ni kipimo cha mvua. Watoto wakiitunza Machi, na wengine wakaitunza nyumbani wakati wa likizo, wataweza wenyewe kulinganisha uua na nthwa, na kuamua katika mwaka wao ni ipi iliyokuwa kubwa.

PINGAMIZI

Huenda ikadaiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba kila kaunti ikiwa na majira yake, usanifu utavunjika. Dai hili lina uzito, lakini linachanganya neno na kipimo. Mtoto wa Malili na ajifunze masika na vuli kama yule wa Lamu. Ila ajifunze vilevile kwamba vuli ya kwao ndiyo mvua ya chakula. Usanifu wa msamiati haudai usanifu wa mawingu.

Pingamizi la pili ni la mwalimu mwenye watoto wengi na muda mchache. Yeye haongezewi kazi kubwa: anaombwa apewe ruhusa ya kufungua ukurasa wa mvua mvua inapokaribia.

HITIMISHO

Uhakiki huu umeonyesha kwamba hadithi za majira za madarasa ya chini Ukambani zinakabiliwa na kasoro tatu: fasili zisizolingana na mvua za mahali, mpango wa kurasa usiolingana na miezi, na maandishi ya macho yanayolazimishwa kuwa ya sikio. Kasoro ya kwanza na ya pili zaweza kurekebishwa na mwalimu pamoja na mkaguzi wake bila kungoja kitabu kipya. Ya tatu ni deni la waandishi, na idara za Kiswahili vyuoni zimo katika deni hilo, kwa kuwa hufundisha utunzi wa riwaya na tamthilia, na kwa nadra sana hufundisha utunzi wa hadithi ya kumsomea mtoto wa miaka sita.

Muhula wa tatu ni mfupi, na hufungwa mvua inapotazamiwa. Mwalimu wa Malili atakayetaka kulijaribu pendekezo hili itampasa awe na mbegu na hadithi mkononi kabla Oktoba haijaisha.