Panya Wasioitikia Sumu: Jinsi Kipokezi cha TLR4 Kilivyotambuliwa

Mwaka 1892, Richard Pfeiffer, aliyefanya kazi Berlin katika taasisi ya Robert Koch, alionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu, hata baada ya kuuawa kwa joto, hubaki na sumu inayoweza kumwua mnyama wa maabara. Na kwa kuwa sumu hiyo ilikuwa sehemu ya mwili wa bakteria wenyewe, tofauti na zile wanazozitoa nje, iliitwa endotoksini. Baadaye ilifahamika kuwa ni lipopolisakaridi, yaani LPS, molekuli ya mafuta na sukari inayojenga utando wa nje wa kundi kubwa la bakteria, wakiwamo Salmonella na wale wa kipindupindu. Ajabu yake ni kwamba LPS haitoboi seli wala haiozeshi kitu, bali madhara yote hutokana na mwili unaoitambua na kuamsha mchochota, yaani hali ya tishu kuvimba, kupata moto, kuwa nyekundu na kuuma. Kwa hiyo ilikuwa lazima kiwepo kipokezi, protini ya seli inayoinasa LPS na kupeleka taarifa ndani, lakini kukipata kulichukua zaidi ya karne moja.

Njia ya moja kwa moja, ya kutafuta protini inayoshikamana na LPS, ilifika mahali ikakwama, kwa sababu molekuli hiyo yenye mafuta hunata kwenye vitu vingi. Mwaka 1990 ilibainika kwamba protini iitwayo CD14 huishika LPS juu ya seli, lakini CD14 imepachikwa upande wa nje tu wa utando na haina sehemu inayopenya hadi ndani, kwa hiyo isingeweza kupeleka taarifa peke yake.

Ufunguo ulikuwa kwa panya. Tangu 1965 ilijulikana kwamba panya wa ukoo wa C3H/HeJ hawadhuriki na kiasi cha LPS kinachowaua panya wengine, ilhali panya haohao hulemewa upesi wakiambukizwa Salmonella. Majaribio ya kuwazalisha na koo nyingine yalionyesha kwamba kasoro hiyo ni ya jeni moja, iliyoko kwenye kromosomu ya 4. Bruce Beutler na wenzake mjini Dallas, Marekani, waliamua mwaka 1993 kuitafuta kwa kufuata mahali ilipo, bila kukisia kazi yake. Walizalisha panya kwa wingi, wakachukua makrofaji wao, yaani seli kubwa zinazomeza vijidudu, wakazipa LPS na kupima kama zinatoa TNF, protini inayowasha mchochota. Kisha walilinganisha majibu hayo na alama zinazojulikana kwenye kromosomu, kwa kanuni kwamba alama iliyo karibu na jeni hurithiwa pamoja nayo karibu kila mara, na iliyo mbali hutengana nayo mara nyingi zaidi. Baada ya kuchunguza zaidi ya meiosi 2,000, yaani migawanyiko ya seli za uzazi ambamo utengano wa namna hiyo hutokea, eneo la kutafutwa lilikuwa dogo kiasi cha kuweza kusomwa herufi kwa herufi.

Mwaka 1998 jeni ilionekana: ni ile ya TLR4, kifupi cha Toll-like receptor 4, yaani kipokezi cha nne kinachofanana na Toll. Kwa panya wa C3H/HeJ, asidi amino ya 712, ambayo kwa kawaida ni prolini, ilikuwa imegeuka kuwa histidini; na kwa ukoo mwingine usioitikia LPS, C57BL/10ScCr, jeni yenyewe haikuwepo kabisa. Kasoro mbili tofauti zilizoangukia jeni moja, na kuleta dalili zilezile, ziliondoa uwezekano wa sadfa. Tena nafasi ya 712 iko katika mkia wa kipokezi ulio ndani ya seli, hivyo kipokezi cha panya huyo kinashindwa kupeleka habari ndani.

Jina Toll lilitoka kwa nzi wa matunda, ambako jeni yenye jina hilo ilijulikana kwanza kwa kuongoza ukuaji wa kiinitete, hadi kundi la Jules Hoffmann mjini Strasbourg lilipoonyesha mwaka 1996 kwamba nzi wanaoikosa huuawa na kuvu. Mwaka uliofuata Ruslan Medzhitov na Charles Janeway walieleza Toll ya binadamu inayoamsha jeni za kinga. Hata hivyo walikuwa wameilazimisha ifanye kazi wakati wote, kwa hiyo kazi yao ilithibitisha kwamba inaweza kupiga kengele bila kusema inaamshwa na nini.

Tofauti ya uzito wa ushahidi ilijitokeza mwaka huohuo wa 1998, pale tafiti za seli zilizotiwa kipokezi kwa wingi zilipodai kwamba kipokezi cha LPS ni TLR2, ndugu wa TLR4. Kundi la Shizuo Akira nchini Japani lilizalisha panya wasio na TLR2 na wengine wasio na TLR4, na wa kwanza waliitikia LPS ilhali wa pili hawakuitikia. Na LPS iliposafishwa zaidi, mwitiko wa TLR2 ulitoweka, kwa kuwa ulikuwa umesababishwa na lipoprotini za bakteria zilizochanganyika humo.

Leo hatua zenyewe zinajulikana. CD14 hukabidhi LPS kwa protini ndogo iitwayo MD-2, iliyoshikamana na TLR4. Mikia mitano kati ya sita ya mafuta ya LPS huzama katika shimo la MD-2, na wa sita hugusa TLR4 ya pili, hivyo vipokezi viwili huungana. Mikia yao ya ndani huita protini ya MyD88, ambayo kupitia vimeng'enya kadhaa huachilia protini ya NF-kB iingie kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za TNF na wenzake.

Kwa kuwa panya wasio na kipokezi hiki hunusurika na sumu lakini huuawa na bakteria hai, kukizima si tiba rahisi. Eritoran, dawa inayoziba TLR4, ilijaribiwa kwa wagonjwa karibu 2,000 wenye sepsisi kali, yaani mchochota wa mwili mzima unaotokana na maambukizi, na haikupunguza vifo katika siku 28. Faida iliyo wazi zaidi imepatikana upande wa pili, wa kukiamsha kwa kipimo: LPS iliyopunguzwa ukali, iitwayo MPL, ni mojawapo ya vichangamshi vya kinga vilivyomo katika chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, miongoni mwa vituo vingine vya Afrika, na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021.