Wakanda na Vuga: Mashujaa wa Hadithi za Picha Mbele ya Msomaji wa Kiswahili

Mwaka 1938 alitokea Superman katika toleo la kwanza la Action Comics huko Marekani, na tangu hapo hadithi za picha zisimuliazo mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu zimekuwa na wasomaji wake maalumu. Wasomaji hao si watu wa kudharauliwa. Mpenzi wa vitabu hivi hukumbuka mambo ya miaka mingi, hujua shujaa gani alishindwa na nani, na humkosoa mwandishi kwa ukali, kama mjuzi wa mashairi amkosoavyo malenga aliyevunja mizani. Aghalabu hukipima kila kitabu kipya kwa mambo matatu: nguvu za shujaa, udhaifu wake, na uaminifu wa mwandishi kwa yale yaliyotangulia kuandikwa. Vipimo hivyo ni vya haki. Lakini mashujaa hao wakiletwa Afrika na kupewa majina ya Kiafrika, yapasa kuongeza kipimo cha nne, nacho ni lugha.

Na achukuliwe kwa mfano msomaji aliyeko Malindi. Si Malindi ya pwani ya Kenya, wala mtaa wa Malindi wa Unguja, bali Malindi ya wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara. Huyo ana Kiswahili cha shule na cha soko, ana Kisambaa cha nyumbani, na amesikia habari za Mbega na za wafalme wa Vuga. Akifungua kitabu cha Black Panther, hasomi kama asomavyo mtu wa New York. Majina ambayo kwa yule ni sauti ngeni za kupendeza, kwake yeye ni maneno yenye maungo, nayo yakikosa kiungo huyaona kilema.

Jina la kwanza ni hilo la nchi yenyewe. Wakanda ilitajwa mara ya kwanza mwaka 1966, katika Fantastic Four namba 52, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Kwa sikio la Kiswahili, neno hili si jina la nchi hata kidogo, ni jina la watu. Kama wako Wakanda, basi mmoja wao ni Mkanda, lugha yao ni Kikanda, na nchi yao ni Ukanda. Hapo msomaji hana budi kucheka, kwa kuwa mkanda ni wa kufungia kiunoni, na ukanda ni kipande chembamba cha nchi au cha ngozi. Msambaa afahamu jambo hili upesi, maana watu ni Washambaa, lugha ni Kishambaa, na nchi ni Shambaai. Waandishi wa Marekani hawakukusudia kufuata sarufi ya Kibantu, wala haiwezekani kuwahukumu kwa sheria wasiyoijua. Hata hivyo kosa la pili ni kubwa zaidi. Katika vitabu vya baadaye baraza la makabila ya nchi hiyo limeitwa Taifa Ngao. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili safi, lakini yamewekwa kama vyombo dukani, kila kimoja peke yake. Mswahili angesema Ngao ya Taifa. Ile silabi moja iliyoachwa ndiyo lugha; yaliyobaki ni msamiati tu.

Kisha kuna alama ya ritifaa. T'Challa, T'Chaka, N'Jadaka, M'Baku: karibu kila mtu mkubwa amepewa moja. Katika tahajia ya Kiswahili alama hii ina kazi maalumu, yaani kutenga ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, na tahajia hiyo ilisimamiwa kwa bidii na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930. Yaweza kutetewa kwamba M' na N' ni mabaki ya desturi ya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, walioandika M'pwapwa na M'tesa ili kuonyesha king'ong'o kinachojitegemea. Utetezi huo wasimama kwa M'Baku. Kwa T'Challa hausimami, kwa kuwa hapo alama haitengi sauti wala haiongozi ulimi. Imewekwa ili jina lionekane la mbali.

Si majina yote yaliyoharibika. Storm, aliyetokea mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men kwa kazi ya Len Wein na Dave Cockrum, ni mwana wa mama wa Kenya, na jina lake ni Ororo. Kiswahili kina kivumishi -ororo, maana yake laini, kama ngozi au nguo iliyo nyororo. Kama ni kwa kusudi au kwa bahati, jina limefaa: mwenye kuita radi na kimbunga ameitwa Mlaini. Aidha filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 iliondoa sehemu kubwa ya lawama kwa kuwapa watu wa Wakanda Kixhosa. Kixhosa ni lugha ya kusini, na Wakanda mara nyingi huwekwa upande wa mashariki. Lakini angalau ni lugha nzima, yenye ngeli na viungo vyake, nao waliisema kama watu wasemao wao kwa wao.

Likiisha jambo la majina, lafuata la nguvu. Mpenzi wa vitabu hivi atasema kwamba shujaa asiye na udhaifu hana hadithi, na hapa Kiswahili chakubaliana naye kabisa. Superman ana kryptonite. Fumo Liongo alikuwa na kitovu chake, ambacho sindano ya shaba tu iliweza kukidhuru, na siri ile ilipotoka ndani ya jamaa yake mwenyewe ndipo alipokufa. Tofauti iko katika mahali pa udhaifu. Kryptonite hutoka katika sayari iliyovunjika, nayo yaweza kuangukia mikono ya adui yeyote. Sindano ya Liongo hutoka nyumbani. Kwa hiyo mauti ya Liongo ni habari ya usaliti, ambapo hatari ya Superman mara nyingi ni habari ya jiwe.

Mbega naye ni wa namna nyingine. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'l Ajjemy kilichotolewa tena mwaka 1962, Mbega ni kigego, aliyeota meno ya juu kwanza, akaogopwa na jamaa zake na kuiacha nchi yake. Mpenzi wa X-Men angemtambua mara moja: ni mtu aliyezaliwa na alama, akachukiwa kwa alama hiyo. Lakini Mbega hana nguvu za ajabu mwilini. Ana mbwa, mkuki, dawa, na mkono utoao. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akagawa nyama, naye akapewa chakula cha mashambani. Akamwua simba, na watu wakamfanya mfalme. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, ameonyesha kwamba habari hii si hekaya ya ujasiri tu, bali ni hoja juu ya mamlaka. Mwindaji mgeni apata ufalme kwa kuwafaa wenyeji.

Kwa kipimo hiki vitabu vya siku hizi vyaweza kuhukumiwa kwa haki. Mfululizo wa Ta-Nehisi Coates, uliochorwa mwanzoni na Brian Stelfreeze na kuanza mwaka 2016, wastahili sifa kuliko ule ushangiliaji wa vita uliozoeleka. T'Challa arudi katika nchi yenye maasi, na swali si kama aweza kupigana, bali kwa haki gani anatawala. Yaweza kulaumiwa kwamba maneno ni mengi mno na picha huyangojea. Lawama hiyo ni ya kweli. Lakini swali lenyewe lafahamika sana Usambara. Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka 1862, Wakilindi waligombania ufalme, na Wabondei wakaondoka katika utii wao katika maasi yajulikanayo kwa jina la Kiva. Abdallah bin Hemedi aliandika jinsi watawala walivyowaonea watu waliopaswa kuwalinda. Coates aliuliza kwa kubuni swali ambalo Vuga ililijibu kwa damu.

Habari ya Storm yakaribia zaidi. Imesimuliwa kwamba katika ujana wake alileta mvua kwa kijiji kimoja chenye ukame, kumbe aliinyang'anya nchi ya jirani, na mama aliyemlea, Ainet, akamwonya. Huu ni ukurasa wa hekima katika vitabu vyenye kelele nyingi. Washambaa wana misemo miwili, ambayo Feierman aliichunguza katika kitabu cha mwaka 1990: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mvua ilikuwa ya mfalme, na mwenye kuweza kuileta aliaminiwa kuwa aweza kuizuia. Hakuna nguvu ya mvua isiyokuwa nguvu juu ya watu. Mfululizo mpya wa Storm, ulioanza mwaka 2024 kwa kalamu ya Murewa Ayodele wa Nigeria, utafaa kupimwa kwa swali hili, na si kwa ukubwa wa radi.

Hadithi za picha za Kiswahili zenyewe zimefuata njia nyingine. Chakubanga katika gazeti la Uhuru, Juha Kalulu katika Taifa, Kingo, na jamaa ya Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge katika Sani, wote ni watu wa kuchekwa: wajanja, wavivu, wapenda makuu. Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010, yampa kijana sauti ya redio badala ya misuli. Si ufukara wa fikira. Kiswahili kimemwachia shujaa utenzi, na kukipa kikaragosi kazi ya kuwaumbua wakubwa.

Hata hivyo pengo lipo. Kijana wa Malindi anayevipenda vitabu hivi akutana na maneno ya lugha yake yakitumika kama shanga, na nchi ya kubuni ikitukuzwa kwa kutopata kutawaliwa, wakati ufalme uliokuwa juu ya milima ileile anayoitazama haujapata mchoraji wa kuusimulia vivyo hivyo. Atakayezifasiri hadithi hizi kwa Kiswahili asiogope kurekebisha Taifa Ngao. Aiandike Ngao ya Taifa. Na atakayechora habari za Mbega asimpe nguvu za kuruka angani. Ampe nyama ya kugawa, na watu wenye haki ya kuikataa.